Kutoka Springfield hadi Ziwa Erie: Bunduki ya Kwanza ya Mtoto

Bunduki ya kwanza ya mtoto wa shamba nchini Marekani, tangu karne ya 19 hadi leo, ni ile ya risasi ya .22, yenye mtutu wa upenyo wa takriban milimita 5.6. Hununuliwa kwa ajili ya Krismasi au siku ya kuzaliwa, mtoto hufundishwa kuitumia na baba, babu au mjomba, na akishakua humwachia mdogo wake. Namna inavyochaguliwa inaweza kufuatwa kwenye ramani. Risasi yenyewe ilizaliwa Massachusetts, bunduki inayotajwa zaidi leo inatoka katika mji mdogo wa Pennsylvania, na mahali panapoonyesha jinsi watoto wanavyofundishwa kulenga shabaha ni ufukweni mwa Ziwa Erie, jimbo la Ohio. Safari ya kuviunganisha vituo hivyo ni ya takriban kilomita 1,000 kwa gari, nyingi zikiwa kwenye barabara kuu namba 80.

Springfield, Massachusetts, uko kwenye bonde la Mto Connecticut, ambako viwanda vya silaha vilijipanga mji hadi mji. Kiwanda cha serikali, Springfield Armory, kilifanya kazi kuanzia 1794 hadi 1968 na sasa ni makumbusho. Mgeni anaoneshwa kwanza safu za bunduki za kijeshi zilizosimamishwa wima, mamia kwa mamia, lakini historia ya bunduki ya mtoto ilianzia nje ya ukuta wa kiwanda hicho. Mwaka 1857 kampuni ya Smith & Wesson, katika mji huohuo, ilitoa bastola ndogo iliyotumia risasi fupi ya .22. Wazo lake lilitoka Ufaransa, ambako Louis-Nicolas Flobert alikuwa ametengeneza, mwaka 1845, risasi hafifu ya kulengea shabaha ndani ya nyumba kwa burudani. Miaka 30 baada ya bastola ile, kampuni ya J. Stevens iliyokuwa Chicopee, mji wa jirani, ikairefusha risasi hiyo na kupata ile inayoitwa .22 Long Rifle. Hiyo ya 1887 ndiyo inayouzwa mpaka leo, na umbo lake halijabadilika cha kusemwa.

Risasi hiyo ukiiweka kiganjani ni nyembamba kuliko penseli. Urefu wake wote ni sentimita 2.5, na kichwa chake cha risasi nyeusi, yaani madini yenyewe, kina uzito wa gramu 2.6. Tofauti na risasi kubwa, haina fataki iliyopachikwa katikati ya kitako cha ganda. Mchanganyiko unaolipuka umepakwa ndani ya ukingo wa ganda, na sindano ya bunduki huupiga ukingo huo pembeni. Kwa sababu ukingo lazima uwe laini ili ubonyee, ganda zima hufanywa jembamba, na ganda jembamba haliwezi kuhimili mgandamizo mkubwa. Udhaifu huo ndio uliompendeza mzazi. Nguvu ya risasi inapotoka mtutuni ni kati ya jouli 140 na 190 hivi, wakati ile ya bunduki ya kijeshi ya milimita 5.56 hufika 1,700, na ya .30-06, ambayo wengi huwindia kulungu, hukaribia 3,800.

Mtoto anayepigwa begani na kitako kwa kishindo hujifunza jambo moja haraka sana: kufumba macho na kukaza mwili kabla hajafyatua. Wafundishaji wa shabaha huliogopa zoea hilo kuliko kosa lolote la mikono, maana kuling'oa huchukua muda mrefu kuliko kulipanda. Kwa .22 bega halihisi chochote cha kutisha. Risasi zake pia ni za bei ya chini kuliko karibu zote nyingine, kwa hiyo mtoto anaweza kupiga nyingi kwa mchana mmoja bila baba kuhesabu hasara.

Udogo huo hudanganya. Makopo na maboksi ya risasi hizi huchapwa onyo kwamba zinaweza kusafiri maili moja na nusu, ambazo ni kama kilomita 2.4. Risasi iliyokosa kopo la bati juu ya uzio haijaisha kazi yake. Inaendelea hadi ikutane na udongo, mti, au paa la jirani. Sauti yake, ijapokuwa ndogo masikioni mwa mtu mzima aliyezoea bunduki kubwa, yaweza kufikia desibeli 140, kiwango kinachoharibu masikio ya mtoto. Kwa hiyo vizibo vya masikio na miwani ya kinga hununuliwa siku moja na bunduki. Halafu kuna madini yenyewe ya risasi, ambayo ni sumu: mtoto hali mkate wala hanywi soda akiwa anapakia, na ananawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Stevens haikuishia kwenye risasi. Kampuni hiyo, na Winchester ya New Haven kusini zaidi kwenye pwani ya Connecticut, zilitengeneza bunduki nyepesi za risasi moja na kuwauzia wavulana kupitia matangazo ya magazeti. Leo Massachusetts ni miongoni mwa majimbo magumu zaidi kwa silaha: hata kumiliki .22 kunahitaji kadi inayotolewa na polisi wa mji. Msafiri anayeelekea magharibi huvuka mipaka ya majimbo bila kusimamishwa na mtu, na ndani ya nusu siku anajikuta Pennsylvania, ambako kadi kama hiyo haipo kabisa. Yeyote anayesoma ushauri wa kuchagua bunduki ya mtoto lazima ajue kwanza umeandikwa kwa ajili ya upande gani wa mpaka.

Milton ni mji wa watu wasiofika 10,000 kwenye mkono wa magharibi wa Mto Susquehanna. Kwa miongo mingi umejulikana zaidi kwa kiwanda cha tambi za makopo za Chef Boyardee. Tangu 1996 kuna pia kampuni ya Keystone Sporting Arms, inayotengeneza Crickett, bunduki ya .22 ya risasi moja iliyokusudiwa watoto tangu ubao wa michoro. Ina urefu wa sentimita 76 hivi na uzito wa zaidi kidogo ya kilo moja. Mwendo mfupi kaskazini mwa hapo uko Williamsport, mji ambako ligi ya besiboli ya watoto, Little League, ilianzishwa mwaka 1939 kwa kupunguza uwanja wa watu wazima: umbali kati ya vituo vya kukimbilia ukashushwa kutoka futi 90 hadi 60. Bonde hilo linajua kupunguza vitu vya wakubwa vitoshe wadogo. Tofauti ni kwamba uwanja uliopunguzwa hupunguza pia nguvu ya mchezo, ilhali risasi inayotoka kwenye bunduki ya mtoto ni ileile inayotoka kwenye ya baba yake.

Kipimo cha kwanza dukani ni kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako. Bunduki ya mtu mzima huwa na sentimita 34 hivi, ya mtoto 29. Muuzaji mmoja wa eneo hilo, ambaye mwandishi wa makala haya alimtazama akimhudumia msichana wa miaka tisa hivi na babu yake, hakugusa futi. Alihakikisha chemba ni tupu, akamwonyesha msichana, akamwonyesha babu, kisha akamwambia msichana akunje mkono wake wa kulia. Akaweka kitako kwenye kiwiko kilichokunjwa na kutazama kama kidole cha shahada kinafika kwenye kifyatulio bila kunyooshwa. Kwenye bunduki ya kwanza kiliishia hewani. Kwenye ya pili kilifika, na msichana alipoiinua kichwa chake kilibaki wima. Kitako kirefu humlazimisha mtoto kuegemea nyuma na kupinda mgongo ili uzito usimvute mbele, na katika mkao huo hakuna shabaha inayojifunzika.

Kisha muuzaji akamtaka msichana aunganishe viganja vyake na kuacha tundu dogo katikati, atazame kupitia tundu hilo saa iliyotundikwa ukutani, na avivute viganja polepole hadi usoni bila kuipoteza saa. Vilikwenda kwenye jicho la kushoto. Babu akacheka, alikuwa amemchukulia mjukuu kuwa wa kulia kwa kila kitu. Mtoto wa aina hiyo, mwenye mkono wa kulia na jicho la kushoto, ama hufundishwa kushika bunduki kwa bega la kushoto tangu siku ya kwanza, ama huzibwa jicho moja la miwani. Ikiwa mzazi hakulichunguza jambo hili mapema, mtoto atakosa shabaha kwa miezi na kuambiwa hana bidii.

Baada ya kimo huja namna bunduki inavyopakiwa, na hapa maoni ya watu wa fani yanakaribiana sana. Ya risasi moja ndiyo ya kuanzia. Mtoto hufungua komeo, huweka risasi moja kwa vidole, hufunga, hulenga, hufyatua, hufungua tena na ganda hutoka. Hatua zote hizo humpa mtu mzima aliyekaa kando nafasi ya kuona na kusema. Komeo likiwa wazi, kila mtu kwenye uwanja anaona kwamba bunduki haiwezi kulia. Bunduki ya kujipakia yenyewe, kama Ruger 10/22 iliyotoka 1964 na kupendwa kuliko nyingi za aina yake, ni nzuri kwa shughuli zake, lakini baada ya kila mlio ina risasi nyingine tayari chembani, na mtoto anayegeuka kwa furaha kumwonyesha baba kwamba amepata kopo anageuka nayo. Zipo zilizo katikati. CZ 457 Scout ya Ucheki ina komeo, na huja na kipande kinachoifanya ipokee risasi moja moja hadi mzazi atakapoona magazini inafaa.

Hata kati ya zile za risasi moja kuna ubishi. Crickett ikishafungwa komeo bado haiwezi kulia mpaka mtu avute kwa nguvu kirungu kidogo kilicho nyuma yake. Wanaoisifu husema mtoto mdogo hawezi kulifanya hilo bila kukusudia, na pengine hawezi kabisa bila kumwomba mkubwa. Wanaoilaumu huuliza itakuwaje kirungu kikishavutwa halafu windo likakimbia: kukirudisha polepole kunataka kidole kimoja kishike kirungu na kingine kibonyeze kifyatulio huku risasi iko ndani, na vidole vyenye jasho huteleza. Savage Rascal, mshindani wake wa karibu, hujikoki pale komeo linapoinuliwa, kwa hiyo kuondoa hatari ni kufungua komeo tu. Hoja ya pili ina uzito zaidi. Kitendo cha kusitisha kinapaswa kuwa rahisi kuliko kitendo cha kufyatua.

Mengine ni ya haraka. Kilengeo cha tundu ni chepesi kueleweka kuliko cha mfuo, na darubini inaweza kungoja mwaka wa pili. Bunduki nyepesi mno hutikisika, dawa yake ni kuilaza kwenye mfuko wa mchanga. Rangi, ziwe waridi au za majani ya msituni, hazisaidii chochote kwenye shabaha, na kuna hoja nzito dhidi ya silaha inayofanana na mwanasesere. Mwaka 2022 kampuni moja ya Marekani ilipotangaza .22 ya watoto yenye umbo la bunduki ya AR-15, ghadhabu ilikuwa kubwa, na California ikatunga sheria dhidi ya kuwatangazia silaha walio chini ya miaka 18.

Sheria ya nchi nzima ya 1968 inamzuia muuzaji mwenye leseni kumuuzia bunduki ndefu mtu wa chini ya miaka 18. Mnunuzi basi ni mzazi. Yeye ndiye anayejaza fomu ya serikali kuu, na huko Pennsylvania jina lake hupitishwa kwenye mfumo wa ukaguzi unaoendeshwa na polisi wa jimbo. Kumpa mtoto wake kama zawadi kunaruhusiwa, lakini mbele ya sheria na mbele ya majirani bunduki inabaki mikononi mwa mkubwa.

Uwindaji una kanuni zake. Kwa vizazi kadhaa msimu wa kulungu wa Pennsylvania ulifunguliwa Jumatatu inayofuata Sikukuu ya Shukrani, na shule nyingi za vijijini zilifungwa siku hiyo. Mwaka 2019 ufunguzi ulihamishiwa Jumamosi. Mtoto mwenye .22 hahusiki na kulungu, kwa kuwa risasi hiyo hairuhusiwi kwa mnyama mkubwa. Humjeruhi na kumwacha afie mbali. Windo lake ni kindi na sungura. Leseni ya kawaida huanzia miaka 12 baada ya mafunzo ya uwindaji, na tangu 2006 kuna utaratibu wa watoto wa chini ya hapo kuwinda na msimamizi wa miaka 21 au zaidi. Kanuni moja ya utaratibu huo inastahili kunakiliwa kokote: wakiwa wanatembea, bunduki hubebwa na mkubwa. Mtoto huipokea wakishatulia mahali.

Ajali nyingi za watoto, hata hivyo, hutokea nyumbani. Mwaka 2013, kusini mwa Kentucky, mvulana wa miaka 5 alimuua dada yake wa miaka 2 kwa bunduki ya .22 ya watoto aliyopewa zawadi. Ilikuwa imesimamishwa kwenye kona ya nyumba, na wakubwa hawakujua kwamba risasi moja imebaki ndani. Tangu 2020 risasi zimekuwa sababu ya kwanza ya vifo vya watoto na vijana wa Marekani wa umri wa mwaka 1 hadi 19. Nyingi kati ya hizo ni za bastola, za mauaji na za kujiua, lakini kabati lililo wazi halichagui aina. Chama cha madaktari wa watoto cha nchi hiyo kinashauri kwamba nyumba isiyo na silaha ndiyo salama kuliko zote, na yenye silaha iifungie ikiwa tupu, risasi zikifungiwa mahali pengine.

Kwa bunduki ya komeo ushauri huo ni rahisi kutekeleza. Kufuli ya waya hupitishwa katika chemba iliyo wazi na komeo haliwezi tena kufungwa. Kufuli za namna hiyo zimegawiwa bure kupitia vituo vya polisi tangu 1999. Komeo lenyewe pia hung'oka, na mzazi anaweza kulala nalo chumbani kwake huku bunduki iko chini ya ngazi. Bunduki inaitwa ya mtoto, ufunguo hauwi wa mtoto kamwe.

Jambo hili linawagusa pia wasionunua. Miji ya Erie na Lancaster, yote ya Pennsylvania, ina familia nyingi zilizotoka Kongo, zikiwamo zinazozungumza Kiswahili nyumbani, na watoto wao hualikwa kucheza kwa marafiki wa shule. Kuna kampeni ya miaka mingi inayowahimiza wazazi waulize kabla mtoto hajaenda: je, nyumbani kwenu kuna bunduki isiyofungiwa? Kwa mtu aliyelelewa kutomhoji mwenyeji, swali hilo ni zito mdomoni. Wamarekani wengi wa vijijini hulipokea bila kinyongo, na mwenye silaha makini huwa tayari kuonyesha kabati.

Barabara inashuka kutoka milima ya Pennsylvania, inaingia Ohio iliyo tambarare, na kuishia Camp Perry, karibu na mji wa Port Clinton. Kambi hii ya jeshi la jimbo imekuwa mwenyeji wa mashindano ya taifa ya bunduki tangu 1907, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ilifungia mateka wa Kijerumani na Kiitaliano. Viwanja vyake vikubwa vinaelekea ziwani. Nyuma ya shabaha hakuna nyumba wala barabara, ni maji matupu, na mashua ikipotea njia ikaingia eneo hilo, bunduki zote hunyamazishwa mpaka itoke. Hapo ndipo msemo kwamba lazima ujue kilicho nyuma ya shabaha unapoonekana kwa macho.

Ndani ya jengo lililopewa jina la Gary Anderson, mshindi wa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1964 na 1968, kuna nafasi 80 za kulengea kwa bunduki za upepo, umbali wa mita 10, shabaha zikihesabiwa kwa umeme. Bunduki za wanaosubiri zimelazwa na komeo wazi, na katika kila mtutu umepitishwa uzi mnene wa rangi kali unaotokeza mdomoni. Uzi ukionekana pande zote mbili, hakuna kitu ndani. Vijana hawagusi kitu mpaka waamriwe kupakia, hawaanzi mpaka waambiwe waanze, na neno la kusitisha linaweza kutamkwa na yeyote, hata mtoto mdogo kuliko wote uwanjani.

Walimu wengi wa vilabu, vikiwamo vya 4-H, shirika la vijana wa vijijini lililoanza 1902, wangependa mtoto aanzie hapa, kwenye upepo, kabla ya .22. Hakuna mlio wa kutisha, risasi haiendi kilomita mbili, na makosa ya mikono ni yaleyale yanayosahihishwa. 4-H kwa kawaida huwapokea kwenye shabaha kuanzia miaka 8, ila hakuna umri unaotosha wenyewe. Kipimo kinachotumika ni kama mtoto husikia amri ya kwanza bila kurudiwa, na kama anaweza kueleza kwa maneno yake kwa nini mtutu hauelekezwi kwa mtu hata bunduki ikiwa tupu.

Kati ya miaka 11 na 13 bunduki ndogo huanza kumbana mwenyewe: kidevu kinapita kitako na jicho linagusa kilengeo. Wazazi wanaotazama mbele huwa wamenunua yenye kitako cha mbao cha kawaida, wakakikata na kukihifadhi kipande, kisha wakakirudisha kwa skrubu, katika vipande vyembamba, kadiri mtoto anavyorefuka. Wengine huazima kwenye klabu hadi kimo kitulie. Zile ndogo kabisa haziongezeki, na kwa kuwa .22 inayosafishwa hudumu miongo mingi, huoshwa mtutu kwa mafuta, hufungwa kufuli, na kungoja mtoto anayefuata afikishe kidole kwenye kifyatulio.